Matanga ya Bi Mwantumu, Mwenyewe Akiwepo

Nilikufa mwezi wa sita, siku ya Jumatano, kwa deni la friji. Msinipe pole. Friji lenyewe halikuwahi kugandisha hata maji, na tangu nife silipi umeme. Lakini sikuja kusimulia kifo changu, kilichokuwa cha kawaida mno. Nimekuja kusimulia cha Bi Mwantumu Salehe, fundi cherehani wa mtaa wa Mikadini, ambaye matanga yake yaliitia homa wizara nzima. Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo wewe huijui. Haipakani na kwenu, na viongozi wake hawafanani hata kidogo na mtu yeyote uliyepata kumwona akikata utepe. Kwa hiyo soma kwa raha zako.

Nchi hiyo iliishiwa karatasi. Haikuishiwa fedha, hilo Serikali ililikanusha kutwa mara tatu, kama mgonjwa anayemeza dawa. Ilikuwa karatasi tu. Waziri wa Hazina alipanda jukwaani, mbele yake vipaza sauti sita, akanguruma:

"Ndugu wananchi! Mataifa ya nyuma hutumia karatasi mbili kwa jambo moja. Sisi, kuanzia leo, tutatumia karatasi moja kwa mambo mawili! Hayo ndiyo maendeleo!"

Tukapiga makofi. Wakati huo wengine tulikuwa bado hai na mikono ilikuwa na nguvu.

Fomu zikaanza kuunganishwa. Ya ndoa ikaunganishwa na ya leseni ya gari, na hadi leo bwana harusi huulizwa kama breki zake zinashika. Ya kuomba kuunganishiwa maji ikachanganywa na ya kuomba radhi. Na fomu ya mtu aliyefilisika, yule anayekwenda kwenye sheria kusema kwa kinywa chake kwamba madeni yamemshinda, ikaunganishwa na fomu ya kifo. Ikaitwa Fomu Namba Tisa.

Mwanzoni tulicheka. Kisha tukaisoma. Kwa kuwa fomu ni moja, sheria nayo ni moja: aliyefilisika ni marehemu. Walio hai ni marufuku kumwona, kumsikia wala kumsalimia, na anayekamatwa akimtazama hutozwa faini ya Kuona Kusikoruhusiwa. Tena, kwa kuwa palihitajika njia ya kumtambua mfu na mzima, mwandishi wa sheria aliongeza kifungu kimoja kifupi, nadhani saa ya kutoka kazini ilikuwa imekaribia: "Mtu atahesabiwa kuwa hai ikiwa amesalimiwa, naye akaitikia kwa kinywa."

Basi. Ukisalimiwa ukaitikia, umefufuka. Na ukifufuka, madeni yako yote yanafufuka pamoja nawe, na riba yake, imenona.

Ndiyo maana sisi marehemu hatuitikii. Tunapita mjini jua likiwaka, tumevaa nguo zetu zilezile, na watu wanatukwepa kwa bega bila kutugusa, macho wameyatupa mbali. Wiki ya kwanza ni raha tupu. Hakuna anayekuomba nauli. Baada ya mwezi unajikuta umesimama mbele ya kioo cha duka kuhakikisha kwamba upo.

*

Bi Mwantumu hakufilisika kwa anasa. Alifilisishwa na uzalendo. Wizara ya Sherehe na Mapambo ilimwagiza bendera elfu nne kwa ajili ya Jubilei ya Maandalizi ya Jubilei. Akakopa fedha za vitambaa, akashona miezi mitano mpaka kidole cha shahada kikaota sugu, akapeleka mzigo, akapewa risiti na soda. Malipo yakawa "yako mezani". Yalikaa mezani miaka mitatu. Kila alipokwenda kuyaulizia, alipokewa na Bwana Lukindo, Mkurugenzi Msaidizi wa Bendera, mtu mwenye upara mkubwa na adabu kubwa zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Malipo yangu?"

"Yako mezani, mama."

"Meza ipi hiyo, baba, niivute?"

"Ah, mama nawe kwa utani!"

Fedha za vitambaa alikuwa amezikopa kwa simu, kwenye kampuni iitwayo Tabasamu. Tabasamu haina ofisi, haina mlango, haina mtu. Ni sauti tu ya mwanamke, laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Mpendwa wetu Mwantumu, tunakukumbuka." Ilianza kumpigia mara moja kwa siku, ikafika mara kumi na saba. Ilimpigia akisali. Ilimpigia akioga. Alipoacha kupokea, ikawapigia watu wote waliokuwa ndani ya simu yake: imamu, fundi bomba, muuza mkaa, aliyekuwa mumewe. "Mpendwa, unamfahamu Mwantumu? Mwambie tunamkumbuka." Siku moja, mchana kweupe, simu ilikuwa juu ya kabati, betri ameitoa na kuiweka kando, naye anaapa kwamba aliisikia ikimwita jina.

Kisha ukaja ujumbe: mwisho wa mwezi Tabasamu itachukua cherehani.

Cherehani hiyo ilikuwa ya mama yake, ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono ulipozoea kupumzika. Ndiyo ilikuwa chakula chake na kodi ya chumba, na ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba yake.

"Wakichukua kitanda, nitalala chini," alimwambia Bi Kidawa, mkaanga mihogo wa kibaraza cha pili, shoga yake wa miaka thelathini. "Wakichukua cherehani nitakaa nifanye nini, Kidawa? Nihesabu kucha?"

"Tafuta wakili."

"Wakili nimpate wapi mimi?"

"Watu wanafilisika kila siku, shoga. Lazima kuna anayewazika."

*

Wakili wa kwanza alikuwa na kiyoyozi na samaki ndani ya tangi la kioo. Alimsikiliza dakika nne, akamtajia ada.

"Sina fedha hizo," Bi Mwantumu akasema.

"Basi siwezi kukusaidia."

"Na ningekuwa nazo?"

"Ungekuwa hujafilisika, na mimi ningekuwa naidanganya mahakama. Mimi ni mtu mwadilifu, mama." Akamwandikia ankara ya ushauri huo, nayo ikajiunga na madeni mengine.

Wakili wa pili tangazo lake lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme: WAKILI BINGWA, ANAFUTA MADENI NDANI YA SAA MBILI, ANARUDISHA MPENZI NA VYETI VILIVYOPOTEA. Alimtaka alete jogoo mwekundu na nakala ya kitambulisho. Bi Mwantumu akauliza jogoo ni wa nini katika mambo ya sheria. "Wa karani," wakili akajibu.

Wa tatu alimsogelea, akamnong'oneza aandikishe cherehani kwa jina la dada yake, harakaharaka, kabla hajajaza fomu yoyote. Hapo Bi Mwantumu aliinuka akaondoka bila kuaga. Dada yake alikuwa amekufa kweli, kifo cha zamani, cha udongo.

Ndipo alipotufikia sisi.

Wakili Makame alikuwa wakili hodari alipokuwa hai. Alikufa kwa kuwadhamini wateja wake. Siku hizi alikaa kwenye benchi nyuma ya mahakama, saa saba hadi saa nane mchana, saa ambayo maofisa wote wamekwenda kula na hapabaki mtu wa kuona nani anamwona nani. Mimi nilikuwa karani wake. Kazi yangu ilikuwa kushika kalamu na kuwawahi wageni kabla hawajafungua kinywa.

Bi Mwantumu alikuja na jua la utosi, kivuli chake kimemjia chini ya viatu. Akavuta pumzi.

"Usitusalimie!" nikapiga kelele.

Akashtuka, akashika kifua. "Mtu anaingia kwa watu bila salamu? Nyinyi mmelelewa wapi?"

"Tumelelewa vizuri, mama, ndiyo hatari yenyewe," akasema Wakili Makame. "Ulimi unaitikia kabla mwenyewe hajajua. Juzi mwenzetu mmoja alisalimiwa na kasuku wa Mkuu wa Wilaya. Akaitikia. Wameshauza nyumba yake."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alianza mazungumzo na shida yenyewe, kama mtu aliyekuja kugombana. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza uelewe unachokwenda kufanya," akamwambia. "Kufilisika siyo dawa ya kwenye nguzo. Unasimama mbele ya sheria na kusema: nina hiki, nadaiwa hiki, sina zaidi. Usifiche deni hata moja, hata la sukari ya dukani. Deni ulilolificha halifi. Usimlipe mmoja kwa siri ukawaacha wenzake. Na usimgawie ndugu kitu leo ili kesho useme huna."

"Na cherehani?"

"Hiyo unaitaja ya kwanza kabisa. Sheria ya zamani, kabla karatasi hazijaisha, ilisema chombo cha kazi hakichukuliwi. Fomu zilipounganishwa, kifungu kile kiliangukia hapa." Akaweka kidole kwenye fomu. "'Vitu ambavyo marehemu ataondoka navyo.' Wengine huandika sanda. Wewe utaandika cherehani."

Bi Mwantumu akaipapasa ile nafasi tupu kwa kidole chake chenye sugu.

"Baada ya hapo Tabasamu hawataniita tena?"

"Hawatakuita. Wala hakuna mwingine atakayekuita."

"Hata Kidawa?"

"Kidawa ndiye nani?"

"Basi," akasema. "Ada yako ni nini?"

Wakili akanyanyua mkono. Joho lake lilikuwa limeachia kwapani, likaonyesha fulana. "Nishonee hapa. Hakuna anayeniona, lakini mimi najiona."

Dirisha la Marehemu nalo hufunguliwa saa ileile ya chakula, kwa kuwa hakuna ofisa aliye hai anayeruhusiwa kutuhudumia. Nyuma ya dirisha kuna kiti kitupu na feni. Unaweka fomu mbele ya kiti. Kiti kisipopinga, umekubaliwa. Bi Mwantumu alikingoja kiti kile nusu saa, amekaa wima kama mbele ya kadhi. Feni ikageuka, fomu ikapepea, ikatulia.

"Pole na msiba," nikamwambia.

"Msiba wa nani?" akauliza. Kisha akakumbuka.

*

Sheria inataka matanga ya siku moja, ili wadai wapate mahali pa kukutania. Majirani walitandika mikeka na kupika pilau. Katikati likawekwa jeneza, ndani yake hakuna kitu ila orodha ya madeni. Akaja Msajili wa Kutoweka, amevaa suti nyeusi na miwani iliyopakwa rangi ya mlango, ili asije akamwona marehemu kwa bahati mbaya.

Bi Mwantumu alikaa pembeni kwenye kigoda chake mwenyewe, akisikiliza watu wakimsema. Walimsema vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Muuza mkaa alisema marehemu alimshonea binti yake sare ya shule akakataa kulipwa. Bi Kidawa alilia machozi ya kweli kabisa, hatua mbili kutoka pale alipokuwa shoga yake. Bi Mwantumu akanyoosha mkono amguse. Nikauvuta.

Msajili akasimama, akauliza kama inavyoulizwa kwenye kila msiba:

"Anayemdai marehemu ajitokeze! Aweke mkono wa kuume juu ya jeneza, aape, adai!"

Mzee Shomvi wa duka la nyuzi akainuka, akalitazama jeneza, akatikisa kichwa. "Nimemsamehe." Akaketi. Muuza mkaa naye akasamehe. Karani wa yule wakili wa samaki alikuwa ameshika ankara yake mkononi. Akawatazama watu, watu wakamtazama, akaikunja akaitia mfukoni, akasema bosi wake amesamehe, ingawa bosi wake hakuwa na habari.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa mkekani, na hakuna aliyejua imewekwa na nani.

"Mpendwa marehemu," ikasema ile sauti laini, "tunakukumbuka."

Pilau ilisimama kwenye makoo ya watu.

"Nani huyo?" akauliza Msajili, akipapasa hewa. "Aweke mkono!"

"Mpendwa Msajili, kwa kudai, bonyeza moja."

"Mkono, nimesema!"

"Kwa kurudia, bonyeza sifuri."

Hapo Wakili Makame akaniinamia sikioni. Sauti ya marehemu haisikiki kisheria, lakini maandishi ya marehemu yana nguvu, ama sivyo wosia ungekuwa upuuzi. Daftari letu lilikuwa limebakiwa na ukurasa mmoja, na nchi nzima haikuwa na mwingine wa kuuza. Nikauandika, nikausukuma mkekani. Msajili akauokota, akainua miwani upande wa chini, akasoma kwa tabu:

"'Asiye na mkono hana kiapo. Asiye na kiapo hana dai.'" Akakohoa. "Hoja ina mashiko. Imeletwa na nani?"

"Hakuna mtu," watu wakajibu kwa pamoja.

"Vizuri sana. Imepita."

Simu ikasema, "Mpendwa, tuna..." ikakatika. Bi Mwantumu akafumba macho. Mwaka mzima hakuwa amesikia kimya kama kile.

Mambo yangeishia hapo, lakini desturi ya msibani ina upande wa pili, na Msajili aliutaja kwa mazoea tu, akili yake tayari iko kwenye sufuria:

"Na anayedaiwa na marehemu?"

Kijiko kikaanguka. Bwana Lukindo, aliyekuja kuiwakilisha Wizara kwenye pilau, aliinama kukiokota na hakuinuka tena. Shingo zote zikageukia upara wake.

Msajili akashindwa kurudi nyuma. Akafungua fomu, akasoma: deni ambalo marehemu anadai litafuatiliwa na msimamizi wa mirathi au, ili kubana matumizi, na marehemu mwenyewe, siku arobaini mfululizo, katika ofisi ya mdaiwa. Marehemu akifufuka kabla ya siku hizo kutimia, dai lake linakufa.

*

Kesho yake tulipakia cherehani kwenye mkokoteni tukaipeleka Wizara ya Sherehe na Mapambo. Walinzi walitazama dari. Huwezi kumfukuza usiyemwona. Tukaiweka mbele ya meza ya Bwana Lukindo, meza ileile ya malipo, na Bi Mwantumu akaanza kukanyaga. Kitambaa hakuwa nacho. Alishona hewa. Sindano ilipanda na kushuka juu ya bati tupu, tatatata, tatatata, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Siku ya tatu ukatoka waraka wa mdomo, kwa sababu ya karatasi: "Hakuna sauti yoyote ghorofa ya pili. Watumishi wanaoisikia wajiorodheshe Utawala." Walijiorodhesha arobaini na wawili. Wachapaji wakaanza kuchapa kwa mapigo yake. Waziri wa Sherehe akawa anahutubia redioni na kusita katikati ya neno kila cherehani iliposita. Bwana Lukindo alikonda, kola ikawa inamzunguka shingo kama bangili ya mtu mzima mkononi mwa mtoto.

Ndipo wakubwa wakasoma sheria yao, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla, na wakaelewa kwamba dawa ni salamu. Walinzi wakatumwa kwanza. "Mambo, bibi! Vipi hali?" Kimya. Akaletwa Mkuu wa Itifaki, anayejua kusalimia kwa lugha saba. Akazimaliza zote. Akatolewa mzee mmoja wa heshima, akampa salamu ya dini, na hiyo Bi Mwantumu aliiitikia moyoni. Kinywani alikuwa amebana pini nne, mafundi wanavyofanya, ili ulimi usipate njia.

Aliyemtesa zaidi alikuwa Bwana Lukindo, kwa kuwa hakukusudia. Kila asubuhi aliingia, akaweka mkoba, na kabla hajajizuia ikamtoka: "Shikamoo, mama." Kisha akajiziba mdomo. Na yeye mwanamke wa watu, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini, alizing'ata zile pini.

Jioni tulimsindikiza hadi mtaani. Alipita kwenye kibaraza cha Kidawa, akasimama mbele ya karai. Kidawa alitazama mafuta. Alipanga mihogo, akauza, akarudisha chenji, akaongea na kila mtu. Lakini kila jioni kipande kimoja kilisahauliwa ukingoni mwa karai, kimetiwa pilipili na ndimu, jinsi Mwantumu alivyopenda. Alikila amesimama, hatua moja kutoka kwa mtu aliyekuwa akimtania kutwa kucha kwa miaka thelathini.

"Tuseme nikimwambia neno moja tu," aliniuliza siku ya ishirini na sita. "Moja."

"Cherehani itakwenda na neno hilo."

"Wewe ulipokufa ulimwacha nani?"

Nikamwambia nilimwacha mke, na kwamba ameolewa na aliyeniuzia friji. Akacheka, mpaka pini moja ikamtoka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka siku zile.

Siku ya arobaini, saa saba mchana, maofisa hawakwenda kula. Walijaa kwenye korido, milango imeachwa wazi. Waziri wa Sherehe mwenyewe alipanda ngazi akihema, ameshika mtu mkono. Alikuwa Kidawa, amevaa kanga zake za sikukuu. Walikuwa wamemwambia kwamba amepewa kibali, na kwamba akimsalimia rafiki yake, rafiki yake atakuwa hai tena. Huo ulikuwa ukweli mtupu. Yaliyobaki hawakumwambia.

"Mwantumu," Kidawa akasema.

Cherehani ikasimama.

"Shoga yangu mimi. Siku arobaini nakupita kama kisiki. Usiniwekee moyoni, ni hawa. Leo nimeruhusiwa." Akasogea hatua moja. "Hujambo, shoga? Mwantumu. Hujambo?"

Pini ya kwanza ikaanguka juu ya bati. Ya pili. Niliiona midomo ya Bi Mwantumu ikiachana. Wakili Makame alijifunika uso kwa joho. Waziri alikuwa ameinua kidole, tayari kushuhudia.

Kisha mguu ukashuka. Tatatata. Machozi yalimtiririka yakadondokea pale maua ya dhahabu yalipofutika, na kwenye mdomo, zilipobaki zile pini mbili, palikuwa na tone la damu.

"Hata mimi?" Kidawa akauliza. "Hata mimi, Mwantumu?"

Alishuka ngazi mwenyewe. Tulizisikia zote, moja moja, mpaka ya mwisho. Saa ya ukutani ikagonga mara mbili. Ilikuwa saa nane, na siku arobaini zilikuwa zimetimia.

*

Waziri alikumbuka kwamba ana kikao. Korido ikabaki tupu. Bwana Lukindo akafunga mlango, akachuchumaa nyuma ya meza asionekane kuwa anaona.

"Mama," akanong'ona, "malipo hayapo. Hayajawahi kuwa mezani wala uvunguni. Serikali yenyewe ilijaza Fomu Namba Tisa, mwaka juzi, mwezi wa nne. Tulikatazwa kusema. Ndiyo maana wageni wa nje wakifika uwanja wa ndege hawatusalimii. Ndiyo maana barua zetu hazijibiwi."

Nikamtazama Wakili. Naye, nadhani, alikuwa anakiwaza kile kiti kitupu.

Bi Mwantumu akatema pini zilizobaki kiganjani. "Bendera zangu ziko wapi?"

"Stoo, mama. Hazijafunguliwa. Jubilei iliahirishwa, hapakuwa na karatasi za mialiko." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya bati la cherehani. "Shika... chukua, mama."

"Umerudishiwa jasho lako mwenyewe, limekunjwa vizuri," akasema Wakili Makame wakati mkokoteni unafanya safari ya tatu. "Katika nchi hii sijawahi kuona ushindi mkubwa kama huu."

Bi Mwantumu alipita kwenye kibaraza cha Kidawa, na siku hiyo ukingo wa karai ulikuwa mtupu.

Siku tatu hakutoka ndani. Mtaa mzima ulisikia cherehani, na safari hii haikuwa inashona hewa. Siku ya nne, Kidawa alipokuja kuwasha jiko, alikuta pale ukingoni, pale alipokuwa akisahau mhogo, kanga moja iliyounganishwa kwa bendera mbili. Na chini, mahali kanga inaposemea, palitariziwa kwa uzi mweusi:

SIJAMBO KIDAWA. NILIKUSIKIA.

Kidawa aliisoma mara moja. Akaisoma tena kwa kidole. Bi Mwantumu alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, mikono ameificha nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Sheria ilisema kwa kinywa. Wakili aliipekua fomu yote siku ile na hakuona neno kuhusu uzi.

Kidawa hakumtazama. Aliitikisa kanga, akajifunga kiunoni, maneno yakakaa nyuma, nje, kila mtu ayaone. Akageukia karai. Kisha akasahau vipande viwili.

Leo marehemu wa mji ule wanapanga foleni kwa Bi Mwantumu, saa saba mchana. Cherehani haipumziki. Kuna mzee amejishonea SALAMA TU, WANANGU mgongoni mwa koti, na binti zake humfuata nyuma sokoni wakisoma. Bwana Lukindo, wanasema, ndani ya koti lake la kazi, upande wa moyo, ana kipande kidogo cha bendera chenye maneno mawili: MARAHABA, MWANANGU. Hakuna aliyeshitakiwa kwa kukata bendera. Pangehitajika mlalamikaji aliye hai.

Mimi ninalo shati. Limeandikwa kifuani: NZURI. ZA KWENU? Nikipita nalo mchana watu wananikwepa kwa bega kama sheria inavyotaka, macho wameyatupa mbali. Lakini midomo yao naiona. Inasogea.